Kuijua Sanaa ya Leo Ukiwa Kiambere

Usianze na kamusi, wala usianze kwa kutafuta nauli ya Nairobi. Anza siku ya soko, pale mwuzaji wa mitumba anapofungua robota. Tazama mikanda inavyokatwa, nguo zilizoshindiliwa kwa mashine zinavyofura na kumwagika kwenye turubai, mikono inavyoingia kabla hazijatulia. Wanaowahi wanapata kamera, zile nguo safi za kuchaguliwa kwanza. Wanaochelewa wanapekua zilizobaki. Jioni huwa kuna fungu ambalo hata kwa shilingi kumi halina mtu: blauzi zenye madoa, suruali zilizong'oka zipu, koti zito la theluji ambalo kwa joto la Mbeere huwezi kumvika hata punda.

Mwaka 2022 kikundi cha wasanii wa Nairobi kinachoitwa The Nest Collective kilichukua marobota ya namna hiyo kikayapanga Kassel, Ujerumani, katika documenta, maonyesho ya sanaa yanayofanyika kila baada ya miaka mitano na kuvuta watazamaji kutoka pande zote za dunia. Marobota yakawa kuta za banda lililosimama kwenye nyasi za Karlsaue, bustani ya watawala wa zamani. Ukiingia ndani unakuta filamu ya watu wakieleza jinsi biashara ya nguo kuukuu, pamoja na taka zake, inavyowagusa wanaoishi upande huu wetu. Kazi hiyo waliipa jina Return to Sender: mzigo na urudi kwa aliyeutuma.

Hakuna aliyeshika brashi hapo, wala patasi. Basi ni sanaa kweli? Utaulizwa swali hilo mara nyingi, na wewe mwenyewe utajiuliza. Ushauri wangu ni uliweke kando kwa muda, kwa sababu linafunga mazungumzo kabla hayajaanza. Shika mengine matatu. Kitu hiki ni nini hasa, na kimeundwa kwa vitu gani? Kimewekwa wapi, mbele ya nani? Kinamdai nani, na kinadai nini? Robota likiwa katika soko la Gikomba, Nairobi, ni bidhaa. Likiwa Kassel, mbele ya watu ambao huenda shati lao la zamani limo humo ndani, ni shtaka. Kitu ni kilekile, ila kimehamishwa na kuwekwa mbele ya macho mengine.

Kisha rudi sokoni na maswali hayo hayo. Mama anayeuza mitumba amesomesha watoto kwa marobota. Ukimwonyesha picha ya banda la Kassel kwenye simu, anaweza kukwambia wasanii hao wanataka kumfungia riziki. Mwache aseme mpaka amalize. Sehemu kubwa ya kazi ya sanaa ya leo hufanyika hapo, katika ubishi unaozuka watu wakishatazama, na mtazamaji anayempinga msanii yumo ndani ya kazi hiyo sawasawa na anayemsifu.

Zoeza jicho

Kutazama ni kazi ya kujifunza, na vifaa vyake ni daftari na subira. Chagua kitu kimoja kilichochorwa karibu nawe: ubao wa kinyozi wenye vichwa vya mitindo, ukuta wa bucha, au nganya, yaani matatu yenye michoro, inayopita ikielekea Embu. Kaa nacho mpaka chai yako ipoe. Andika unachokiona tu, usiandike unachokifikiria. Kwa mfano: ng'ombe wa bucha anatabasamu. Wekundu wa maandishi ndio wekundu wa ulimi wake. Mguu mmoja wa nyuma ni mfupi kuliko wenzake. Kisu hakipo popote. Ukishamaliza kuorodhesha, ndipo ujiulize kwa nini fundi aliacha kisu na akachora tabasamu. Hapo umeanza kufikiri kama mtu wa sanaa, na hujalipa kiingilio.

Wako wanaodharau mafundi wa mabango, wakiamini sanaa ni ile ya kuning'inizwa sebuleni. Waambie habari za Maasai Mbili, kikundi cha Kibera kilichoanzishwa 2001 na vijana waliokuwa waandishi wa mabango ya vibanda. Mmoja wa wasanii wa kikundi hicho, Solomon Muyundo anayejulikana kama Solo7, alizunguka Kibera wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007 akiandika maneno ya amani kwenye kuta na milango ya mabati. Ni brashi ileile ya kuandika bei ya mandazi. Na nganya nazo zina historia yake: kanuni za waziri Michuki za mwaka 2004 ziliamuru mstari wa manjano na kuifukuza michoro, na kwa miaka kadhaa matatu zetu zikafanana zote. Michoro iliruhusiwa tena muongo uliofuata. Serikali haipigi marufuku kitu ambacho hakina nguvu, na hilo ni jambo la kukumbuka mtu akikwambia kwamba michoro ni mapambo tu.

Bwawa lililo mbele yako

Sasa njoo kwenye somo ambalo hakuna mtu wa Nairobi anayeweza kukuzidi. Bwawa la Kiambere lilikamilika 1988, la tano katika mabwawa ya Seven Forks ya mto Tana, likitanguliwa na Kindaruma, Kamburu, Gitaru na Masinga. Mitambo yake ilianza na uwezo wa megawati 144. Maelfu ya watu walihama kupisha maji, wengi wao wakapewa fidia ya pesa taslimu na kuachwa wajitafutie mahali. Utafiti uliofanywa baadaye ulikuta kwamba shamba la wastani la familia zilizohamishwa lilishuka kutoka hekta 13 hadi 6, na mifugo ikapungua kwa zaidi ya theluthi moja.

Zijue takwimu hizo, uziandike daftarini. Halafu uone mahali zinapokoma. Hekta 13 hazikwambii kivuko kiliitwaje, mbuzi walipitia wapi kwenda kunywa, ni mti gani ulikuwa wa kusikizia kesi, wala ni makaburi ya akina nani yaliyobaki chini. Mhandisi ana ramani yake, benki iliyokopesha ina ripoti yake, wakili wa fidia ana faili lake. Katika karatasi zote hizo, aliyeogelea mtoni akiwa mtoto hana pa kuandika. Hilo pengo ndilo wasanii wa leo wanapenda kuliingia, hapa kwetu na kwingineko.

Ukijaribu kuliingia kwa kuchora bwawa lenye machweo na mtumbwi wa mvuvi, umechora kalenda. Hakuna ubaya katika kalenda, lakini usiiite kumbukumbu. Jaribu njia hii. Gundisha karatasi kubwa za manila mpaka zienee sakafu ya darasa. Chora mto kwa mkaa, ukiuacha ulivyokuwa kabla ya 1988. Waite wazee wenye kumbukumbu, na usisahau walio ng'ambo, upande wa Ukambani, maana mto ulikuwa na kingo mbili. Waulize kwa Kimbeere au Kikamba, si kwa lugha ya ofisini, kila mmoja aweke kitu alichokijua mahali pake: mzinga, boma, shamba la mtama, njia. Watabishana. Mmoja atasema kivuko kilikuwa juu ya mawe, mwingine atasema chini. Usifute lolote. Andika yote mawili, na weka alama ya mkono wa kila aliyesema.

Njia ya kuunda kazi pamoja na wenyeji ina mizizi hapa Kenya. Kamiriithu, Limuru, mwaka 1977, wakulima na vibarua walishiriki kuandaa mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Walisahihisha Kigikuyu cha mswada, wakaongeza nyimbo, wakajenga wenyewe uwanja wa kuigizia. Mchezo ulipigwa marufuku mwaka huohuo, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwisho wa Desemba, na uwanja ukabomolewa 1982. Hivyo kabla hujaita wazee, fikiri. Mambo ya ardhi na fidia bado yanauma. Mwambie kila mtu mapema ramani itaonyeshwa wapi na nani ataiona, na atakayetaka jina lake lisitajwe, lifichwe.

Kuna pia somo la Picha Mtaani. Mwaka 2009 mpiga picha Boniface Mwangi na wenzake walibeba picha za machafuko ya 2007 na 2008 wakazisimamisha barabarani, mji kwa mji, ili zitazamwe na watu wale wale waliopitia mambo hayo. Wangeweza kuzitundika ndani ya jumba lenye askari mlangoni. Waliziweka njiani, mpita njia akajikuta ana kwa ana na nyumba inayoungua. Swali la pili kati ya yale matatu, la mahali na macho, linapata uzito wake wote hapo.

Murang'a kwanza, Nairobi baadaye

Ukipata nauli ya safari moja tu, ningekupeleka Murang'a. Toka Kiritiri hadi Embu, kisha Sagana, uingie barabara ya Murang'a. Katika kanisa kuu la Anglikana la Mtakatifu James kuna michoro mitano mikubwa ya ukutani iliyochorwa 1959 na Elimo Njau, Mchaga kutoka Marangu aliyesomea Makerere. Ni kuzaliwa kwa Yesu, kubatizwa kwake, karamu ya mwisho, Gethsemane na kusulubiwa. Yesu ni Mwafrika, na waliomzunguka ni Waafrika, katika nchi ya vilima vinavyofanana na vile ulivyoviona dirishani ukija. Leo hilo halikushangazi. Mwaka 1959 hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni ilikuwa bado haijaondolewa, na picha za makanisani zilijaa nywele za dhahabu.

Lakini usiondoke na furaha hiyo peke yake. Kanisa lile lilijengwa kuwakumbuka Wakristo wa Kigikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau, wakiwemo waliokataa kula kiapo. Kwa hiyo ukiwa umesimama mbele ya msalaba wa Njau, jiulize damu inayokumbukwa ni ya nani, na ni ya nani ambayo haina ukuta. Familia za waliofia msituni na kambini zinatazama mchoro uleule kwa jicho lingine. Kisha ukifika Nairobi, pita barabara ya Kimathi uone sanamu ya shaba ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, iliyozinduliwa Februari 18, 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe. Kati ya ukuta na shaba hiyo kuna mabishano marefu ya nchi hii kuhusu mashujaa wake, na sanaa ndiyo iliyoyaweka mahali pa wazi. Naomba radhi kwa wanaopenda makumbusho ya kisasa yenye taa nzuri, lakini mimi naona ukuta wa Murang'a una mafunzo zaidi.

Mwaka 1965 Njau aliungana na wenzake kuanzisha Paa ya Paa mjini Nairobi, mahali ambapo Waafrika walionyesha kazi zao na kujadiliana bila kuomba ruhusa ya wageni. Moto uliteketeza sehemu kubwa ya mkusanyiko wake 1997. Njau aliwafundisha wanafunzi wake kwamba kunakili kunamlaza Mungu usingizi, na ukiona maduka ya picha za tembo na machweo utaelewa alichokuwa akikipiga vita.

Siku ya Nairobi panga mambo machache. Matatu za Embu zinakushusha upande wa Tea Room na River Road, na kutoka hapo ni mwendo mfupi wa miguu hadi Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, lile jengo ambalo watu wote huliita Archives. Sakafu ya chini kuna mkusanyiko wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, aliyekusanya kazi za sanaa za Afrika wakati viongozi wenzake walikuwa wakikusanya mashamba. Usizunguke kila kabati. Chagua vitu vitatu, tumia daftari lako.

Ukienda Makumbusho ya Taifa, tafuta picha za Joy Adamson za watu wa Kenya waliovaa mavazi ya jadi, wakiwemo Wameru. Ni picha za ustadi. Ziliagizwa na serikali ya kikoloni, na aliyeketi mbele ya mchoraji hakuwa ndiye aliyelipa wala aliyepangiwa kutazama. Katika jengo hilohilo, mwaka 2021, yalifanyika maonyesho ya mradi wa kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyo katika makumbusho ya ng'ambo. Orodha ilipita vitu 32,000. Baadhi ya kabati za vioo ziliwekwa tupu makusudi. Mtu aliyekuja kutazama ngoma za babu zake alikuta hewa, akalazimika kuuliza zilikokwenda.

Kwa kazi mpya kabisa, kuna Nairobi Contemporary Art Institute, taasisi iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage na kufungua ukumbi wake 2022 katika jengo la maduka la Rosslyn Riviera. Maonyesho ya kwanza yalikuwa ya Sane Wadu, mwalimu aliyeacha chaki akawa mchoraji. Armitage mwenyewe huchora juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti cha Uganda, chenye matundu na mishono ambayo haifichi. Angalia kwanza kama kuna maonyesho wakati huo, usije ukakuta wanapiga rangi kuta. Na popote uendapo, soma ile kadi ndogo kando ya kazi: jina, mwaka, vifaa, mwenye mali. Kwangu mimi mstari wa mwisho ndio wenye siri nyingi.

Anayelipa ni nani

Mwaka 2013 Kenya ilipata banda lake katika maonyesho ya Venice, Italia, yanayochukuliwa kuwa kilele cha sanaa duniani. Wengi wa walioonyeshwa humo walikuwa Wachina. Ilipotangazwa orodha ya 2015 na kuonekana mambo ni yaleyale, wasanii wa Kenya walipiga kelele mtandaoni mpaka serikali ikalikana banda hilo. Mchoraji Michael Soi aliligeuza sakata hilo kuwa mfululizo wa michoro ya kejeli. Baba yake, Ancent Soi, ndiye aliyechaguliwa kuchora mojawapo ya mabango ya Michezo ya Olimpiki ya Munich 1972, kwa hiyo nyumba hiyo inajua vizuri tofauti ya kualikwa na kutumiwa.

Usione hayo ni ya mbali. Shirika likija Kiambere na rangi likataka ukuta wa shule uchorwe maji safi na watoto wanaocheka, uliza nani amechagua maneno, fundi wa hapa amelipwa kiasi gani, na kama mchoro unaweza kusema jambo ambalo mfadhili hakulitarajia. Huenda ukaamua rangi ya bure bado inafaa. Amua ukijua.

Ukiwa hapa

Bila nauli bado una mengi ya kufanya. Bando ndogo inatosha kutazama mahojiano ya wasanii. Wanaosoma shule za upili za juu wanaweza sasa kuchagua njia ya sanaa na michezo chini ya mtaala mpya, kwa hiyo mzazi asiyejua msanii hula nini aanze kuuliza mapema, na awaulize wasanii wenyewe. Usipuuze pia mikono ya hapa: msukaji wa kiondo cha mkonge, mchonga mizinga, fundi anayejua mbao za mukau zinavyopasuka na zisivyopasuka. Waulize wanaamuaje mambo, kwa nini ufito huu na si ule. Utapata majibu ya sanaa ambayo hayamo katika kitabu chochote.

Ile ramani ikikamilika, ionyeshe. Omba ruhusa kwa mwalimu mkuu au wazee wa kanisa, na umjulishe chifu ili asisikie kwa watu. Chagua siku ya soko, si siku ya mazishi ya mtu mkubwa. Isimamishe kwa fremu za mukau kwa kimo cha macho ya mtoto wa darasa la nne, maana watu wazima wanaweza kuinama. Kadi ziwe fupi na ziwe kwa Kimbeere, Kikamba na Kiswahili: jina la mahali, aliyesema, mwaka aliohama. Mtu mmoja akae hapo kutwa nzima, kazi yake si kueleza bali kuuliza, na kuongeza kwenye ramani kile ambacho mtazamaji atakuja nacho. Weka daftari la maoni mezani pamoja na kalamu mbili, kwa sababu moja itaibwa kabla ya saa sita.